Presha ya Ukoo Wetu Ilikuwa Kwenye Figo

Upande wa baba yangu presha haikuwa habari. Babu alichukuliwa na kiharusi kabla ya kufika miaka 50, baba akapata chake akiwa na miaka 44, na shangazi mkubwa amemeza vidonge tangu ujana wake. Kwa hiyo nilipopimwa afya ya kuingia kazini nikiwa na miaka 22 na kipimo kikatoa 168 kwa 104, nyumbani hakuna aliyeshtuka. Shangazi alinitazama tu, akasema, "Haya, karibu chamani."

Maelezo yalikuwa tele. Tuna hasira za karibu. Tuna mawazo mengi. Tunapenda chumvi. Mimi nilikuwa mwembamba, silali na kinyongo cha mtu, na chumvi nilishaipunguza tangu tulipoanza kumuuguza baba, lakini maelezo ya ukoo hayadai ushahidi. Hata hospitalini, kila nilipotaja kwamba kwetu tunayo wengi, aliyenihudumia aliandika "historia ya familia: ipo", na mazungumzo yakaishia hapo. Kurithi kulichukuliwa kuwa jibu, wakati kwangu ndilo lililokuwa swali. Nimerithi nini hasa? Mtu harithi namba za kwenye mashine. Anarithi kitu fulani mwilini kinachofanya kazi tofauti na cha wengine, na kitu hicho lazima kina mahali kilipo.

Nilianzishiwa amlodipini, presha ikashuka kidogo. Nikaongezewa lisinoprili, ambayo haikugusa kitu. Ya tatu ikawa dawa ya kukojosha, haidroklorothiazaidi. Hiyo ilisaidia kwa muda, kisha miguu ikaanza kunigomea. Kupanda ngazi kukawa kazi. Usiku shavu la mguu linakaza mpaka naketi kitandani nikilikanda, na kabla sijalala tena kiu imeshika, halafu mkojo. Potasiamu, madini ya kwenye damu ambayo misuli huyahitaji, ilipopimwa ikakutwa 2.6, wakati ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0.

"Ni hiyo dawa ya kukojosha," nikaambiwa. Ikaondolewa, nikapewa vidonge vya potasiamu.

Jibu hilo lilikuwa nusu sahihi. Dawa za aina hiyo kweli hupoteza potasiamu. Lakini siku niliponakili faili langu kwa ajili ya rufaa, nilikuta karatasi ya maabara ya zamani, ya kabla sijameza kidonge hata kimoja. Potasiamu: 3.2. Pembeni mashine ilikuwa imechapa mshale mdogo unaotazama chini. Karatasi ilisainiwa, ikabanwa pini, ikalala humo. Ule mshale ulikuwa umeshasema karibu kila kitu, na ndiyo maana mpaka leo ndugu akinipigia simu kuhusu presha, namba ya kwanza ninayomuuliza ni ya potasiamu, hata kabla ya presha yenyewe.

Daktari bingwa wa figo aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Hakuanza na dawa. Aligeuza fomu ya maabara upande mweupe, akaanza kuchora visanduku kwa wanaume na viduara kwa wanawake.

"Mwanangu, kwenu ni nani mwingine aliyeanza presha kabla ya miaka 30?"

Nikamtajia. Akawa anapaka wino kila niliyemtaja. Tulipomaliza, weusi ulikuwa umeshuka kizazi hadi kizazi bila kuruka, wanaume na wanawake sawasawa, takriban nusu ya watoto wa kila aliyekuwa nayo. Akagonga karatasi kwa kalamu. Presha ya kawaida, alisema, huja kwa kujikusanya: jeni nyingi, kila moja ikichangia chembe, pamoja na umri, uzito, chumvi na pombe. Haina mpangilio safi namna hii. Mpangilio huu unanukia jeni moja tu yenye nguvu, ambayo kuipata kutoka kwa mzazi mmoja kunatosha.

Nikauliza kama ni jeni ya moyo au ya mishipa. Akacheka. "Hizi za jeni moja, karibu zote ukizifuata zinakupeleka kwenye figo, au kwenye homoni inayoiamuru figo. Na kule zinakupeleka kwenye chumvi."

Nilikuwa nimezoea kufikiria figo kama mahali pa kutolea taka. Sikujua kwamba kazi yake kubwa ni kurudisha. Kwa siku figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji ya damu, na ndani yake kuna chumvi inayokaribia kilo moja na nusu. Zaidi ya asilimia 99 ya chumvi hiyo hurudishwa mwilini kupitia mirija myembamba ya figo. Sehemu kubwa, kama theluthi mbili, hurudi mwanzoni kabisa mwa mrija, na robo nyingine hurudi kwenye pindo la mrija huo. Zile asilimia chache za mwisho, mwishoni mwa mrija, ndizo zinazoamua presha, kwa sababu hapo ndipo homoni zinapokaza au kulegeza. Ukirudisha chumvi kidogo tu kupita kiasi kila siku, maji yanaifuata, damu inaongezeka ujazo, presha inapanda mpaka iwe na nguvu ya kuisukuma chumvi ile itoke. Arthur Guyton, mwanafiziolojia wa Marekani, alitumia miaka mingi kulitetea wazo hili: presha haiwezi kukaa juu muda mrefu kama figo ziko tayari kutoa chumvi kwa presha ya chini. Ikikaa juu, maana yake figo zimekubali kufanya kazi kwa kiwango kipya.

Ushahidi wake ni wa kushangaza. Lewis Dahl, mtafiti wa Marekani, alizalisha koo mbili za panya, moja inayopandisha presha ikila chumvi na nyingine isiyojali. Figo zilipobadilishwa kati ya koo hizo, presha iliifuata figo kwenda kwa mwenyeji wake mpya. Kwa binadamu, mwaka 1983 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya wagonjwa 6 ambao presha ya muda mrefu ilikuwa imewaua figo. Walipandikizwa figo za watu wasio na presha, na miaka kadhaa baadaye walikuwa na presha ya kawaida bila dawa. Moyo ulikuwa uleule, na mishipa ileile. Niliposoma hilo niliacha kabisa kubishana na mtu kuhusu hasira.

Vipimo vilivyofuata vilikuwa viwili vya damu, renini na aldosteroni, kemikali za mwili zinazosimamia chumvi, na kimoja cha mkojo wa saa 24. Navieleza kidogo kwa sababu vikichukuliwa ovyo vinadanganya, na mimi vya kwanza, vilivyochukuliwa kwingine, vilitupwa. Potasiamu lazima ipandishwe kwanza, maana ikiwa chini aldosteroni nayo hushuka. Dawa kadhaa za presha hupindisha renini, kwa hiyo daktari hupanga zipi zisimame na kwa muda gani. Mgonjwa hajiamulii hilo mwenyewe. Unaambiwa usijinyime chumvi siku zile. Asubuhi unatembea kidogo, kisha unaketi. Na wakati wa kutoa damu usikunjekunje ngumi, maana misuli inayofanya kazi chini ya kamba ya mpira humwaga potasiamu kwenye damu ile na kukupa namba nzuri ya uongo. Mtaalamu wa maabara alinishika vidole akavinyoosha mwenyewe. "Tulia hivyo hivyo, dada."

Dumu la mkojo sitalisimulia. Aliyewahi kulibeba anajua.

Majibu yanasomeka hivi. Renini hutoka kwenye figo zenyewe zinapohisi damu haitoshi, na mwisho wa mlolongo wake tezi zilizo juu ya figo hutoa aldosteroni, ambayo huiamuru figo kushika chumvi na kuachia potasiamu. Zote mbili zikiwa juu, pengine mshipa wa figo umebana na figo inadhani mwili una kiu. Aldosteroni ikiwa juu na renini chini, shaka inaenda kwenye tezi, iwe ni uvimbe au kasoro ya kurithi. Zangu zote mbili zilikuwa chini, karibu hazipo. Figo zilikuwa zinashika chumvi kama zilizoamriwa, na mwamrishaji hayupo.

Daktari aliniuliza kama natafuna au nakunywa kitu chochote chenye urukususi, ule mzizi mtamu. Nilidhani anapiga soga. Kumbe urukususi huzuia kimeng'enya kinachoivunja kotisoli, homoni nyingine ya mwili, ndani ya figo, na kotisoli isipovunjwa hujifanya aldosteroni. Wapo pia wanaozaliwa na kimeng'enya hicho kikiwa kibovu, nao presha yao huanza utotoni. Nilipokana, akanipa spironolaktoni, dawa inayoziba kipokezi cha aldosteroni. Wiki zikapita, presha ikabaki palepale. Nilivunjika moyo, yeye akafurahi waziwazi, jambo ambalo nililichukia siku ile.

"Sasa nimebakiwa na sehemu moja," akasema. Akaniandikia amiloraidi.

Ndani ya wiki chache nilikuwa na 126 kwa 80, na potasiamu 4.3 bila kidonge cha potasiamu hata kimoja. Kidonge kidogo cha zamani, ambacho kwa wengi hupewa kama msaidizi wa dawa nyingine, kilifanya ambacho dawa nne hazikufanya. Amiloraidi haihangaiki na homoni wala kipokezi. Inaziba mlango wenyewe ambao sodiamu, ile ya kwenye chumvi, hupitia mwishoni mwa mrija.

Mlango huo ni protini yenye sehemu tatu, na jeni za sehemu mbili kati ya hizo ziko jirani kwenye kromosomu ya 16. Kipimo cha jeni kilipotoka baadaye, kasoro yangu ilikuwa kwenye jeni iitwayo SCNN1B: herufi moja imebadilika, na protini inakatika kabla ya mwisho wake, ikakosa mkia. Ungedhani protini iliyokatika hufanya kazi kidogo. Hapa ni kinyume. Mkia ule ndio unaoshikwa na protini nyingine, Nedd4-2, ambayo kazi yake ni kuutia alama mlango uliokaa muda wake ili uondolewe kwenye utando wa seli na kuvunjwa. Bila mkia hakuna pa kushika. Milango inazidi kuongezeka, ikiwa wazi, mchana na usiku, bila amri ya mtu. Sodiamu inaingia, potasiamu inasukumwa nje kwenye mkojo, ujazo wa damu unapanda, na renini na aldosteroni zinanyamaza kwa sababu hazina kazi.

Hali hii ina jina la Grant Liddle, daktari wa Nashville, Marekani. Mwaka 1963 yeye na wenzake walieleza ukoo mmoja ambao watu wake walionekana kama wana aldosteroni nyingi, lakini aldosteroni ilipopimwa ilikuwa kidogo mno. Spironolaktoni haikuwasaidia, triamtereni, ndugu wa amiloraidi, iliwasaidia. Liddle akahitimisha kwamba kasoro iko kwenye mrija wa figo wenyewe. Mgonjwa wa kwanza wa ukoo huo, aliyegunduliwa akiwa msichana, figo zake zilikuja kushindwa, akapandikizwa nyingine, na presha na potasiamu vikakaa sawa. Mwaka 1994 kundi la watafiti la Richard Lifton lilipata kasoro ya jeni kwa ukoo uleule. Miaka 31 kati ya hoja na uthibitisho, na hoja ilikuwa sahihi tangu mwanzo kwa kutumia namba za damu, mkojo na dawa mbili tu. Napenda sana hilo. Kipimo cha jeni kilinipa jina la kasoro yangu, lakini aliyenitibu alikuwa ameshaipata kwa kusoma potasiamu vizuri.

Sio kila ukoo wenye presha una jambo hili, ni nadra. Zipo koo nyingine zenye kasoro za jirani. Kuna wale ambao jeni mbili zilizo karibu zimeungana vibaya, aldosteroni ikawa inatii amri isiyo yake. Wao huweza kupata kiharusi cha kuvuja damu wakiwa vijana, na hutibiwa kwa dozi ndogo ya dawa ya jamii ya steroidi. Hilo lilifahamika mwaka 1992. Kuna wenye kasoro za jeni za WNK1 na WNK4, zilizogunduliwa mwaka 2001, ambao potasiamu yao hupanda badala ya kushuka. Kwao ile ile haidroklorothiazaidi iliyonilemaza mimi hufanya maajabu. Na kuna uvimbe wa maji kwenye figo unaorithiwa, ambao si nadra kama hizi, na ambao hupandisha presha miaka mingi kabla figo hazijachoka. Huo huonekana kwa picha ya mawimbi ya sauti. Kwa mtu aliyepata presha ujanani, mwenye mzazi au ndugu aliyesafishwa damu, ningeuliza kuhusu picha hiyo siku ya kwanza.

Kilichonifundisha zaidi, hata hivyo, ni majibu ya ndugu zangu, maana hayakwenda nilivyotarajia.

Shangazi alipimwa na kukutwa na kasoro ileile, herufi kwa herufi. Lakini tulipofukua vyeti vyake vyote, potasiamu yake haikuwahi kushuka chini ya 3.6. Miaka yote hiyo ya presha kali, na mshale haukuwahi kuchapwa. Daktari akasema si ajabu. Wapo wengi wenye kasoro hii ambao potasiamu yao ni ya kawaida, na wapo ambao hata presha yao hupanda kidogo tu. Kwa hiyo ile namba ninayoiuliza kwanza ikiwa chini inakuambia mengi, ila ikiwa sawa haikufukuzi mlangoni. Kwa shangazi kilichosema ni mchoro wa visanduku na viduara.

Kisha kaka yangu. Yeye alianza presha akiwa na miaka 35, ana sura ya baba, ana tembea ya baba, na kila mtu alishamhesabu. Jeni yake ikatoka safi. Hakuna kasoro. Renini yake haikuwa imenyamaza, potasiamu nzuri. Alikasirika kama mtu aliyenyang'anywa urithi. "Kwa hiyo hii yangu ni ya nani?"

Yake ilikuwa presha ya kawaida, ile ya kujikusanya, na pengine sehemu yake ilitoka kwa mama, ambaye naye ana presha ya uzeeni tusiyoitilia maanani kwa sababu ya kelele za upande wa baba. Watafiti wameshapata zaidi ya maeneo 1,000 kwenye jeni za binadamu yanayohusiana na presha, na kwa kawaida kila eneo husukuma kwa kiasi kisichofika hata milimita moja ya kipimo. Huwezi kuyaona kwenye mchoro wa ukoo. Lakini hata humo figo zimo. Mwaka 2008, uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Framingham, Marekani, ulionyesha kwamba waliobeba nakala moja mbovu ya jeni fulani za kushika chumvi kwenye figo, yaani figo zao zinaponyokwa na chumvi kidogo, walikuwa na presha ya chini kuliko wenzao na kinga ya kutoipata. Ni kinyume cha kwangu mimi, kwenye mirija ileile.

Kaka anatumia amlodipini na lisinoprili, zile zile zilizonishinda, na presha yake imetulia. Aliwahi kuniomba amiloraidi yangu ajaribu. Nilimkatalia kwa ukali. Dawa hii ikichanganywa na lisinoprili inaweza kupandisha potasiamu mpaka moyo ukapoteza mdundo, na kwa mtu mwenye figo dhaifu ni hatari zaidi. Mimi mwenyewe, nikiwa na mlango mbovu, napimwa potasiamu na kazi ya figo mara kwa mara. Sigusi ibuprofeni. Na ile chumvi mbadala inayosifiwa kwa wenye presha siiingizi mdomoni, kwa kuwa nyingi yake ni potasiamu. Kwa kaka, daktari wake akiridhia, ingeweza kumsaidia. Watu wawili wa tumbo moja, ugonjwa wa jina moja, na ushauri unaopingana.

Chumvi ya kawaida bado naipunguza. Kuna jamaa aliniambia kwamba kama tatizo ni jeni basi chumvi haina kosa. Ni kinyume chake. Mlango uliokwama wazi hupitisha kile ulicholetewa. Na amiloraidi yenyewe hufanya kazi vizuri zaidi mtu akila chumvi kidogo. Nikizembea kwa siku chache, kipimo kinasema.

Kuhusu mtoto wangu, uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Mume wangu alitaka tusubiri akue aamue mwenyewe. Mimi nilitaka kujua, kwa sababu hili si tatizo la kungojea: lina dawa, na mishipa ya ubongo haisubiri mtu atimize miaka 18. Tulikubaliana kuanza na kupima presha yake kila alipopelekwa kliniki, kwa mkanda wa kitoto unaomtosha mkono, maana mkanda mkubwa hutoa namba ya chini isiyo ya kweli. Ilipoanza kuzidi ya umri wake tulichukua kipimo cha jeni. Anayo. Anameza dawa yake asubuhi, anacheza mpira, na potasiamu yake ni nzuri kuliko yangu.

Binamu yetu mmoja, aliyepakwa wino kwenye ule mchoro, hajakubali kipimo cha jeni. Hataki kazini wajue, wala hataki kuwaambia wachumba wa mabinti zake. Sikumlazimisha. Nilimwomba tu apeleke damu ya potasiamu, renini na aldosteroni, vipimo ambavyo havina jina la ukoo. Amevipeleka. Renini na aldosteroni zote ziko chini, na wiki ijayo anaonana na yule mama wa figo.